Injini imekufa baada ya kubadilishwa mkanda wa taimingi: jinsi ya kujua kosa ni la nani

Gari limetoka gereji na mkanda mpya wa taimingi, ule unaofanya kamshafti (shafti inayofungua valvu) iende sawa na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), siku chache baadaye injini inazima barabarani na haiwaki tena. Mwenye gari anasema fundi kaharibu, fundi anasema spea ilikuwa feki. Mimi ni fundi, na huitwa mara kwa mara kuangalia kazi za wenzangu. Ushauri wangu ni kwamba msibishane kabla ya kufungua, maana vyuma vinajieleza vyenyewe ilimradi havijachezewa.

Hatua ya 1: Acha kupiga stata

Ukisikia stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, acha hapo hapo. Kila mzunguko unaweza kuongeza valvu nyingine iliyopinda. Gari livutwe likiwa nyutro, na kama ni otomatiki libebwe.

Hatua ya 2: Ijue injini yako

Kuna injini ambazo mkanda ukikatika, pistoni na valvu hazikutani. 3S-FE na 4A-FE za Toyota ziko kundi hilo: funga mkanda mwingine kwa alama zake na kwa kawaida itawaka. Lakini 3S-FSE, ile ya D-4 (inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda), japo ni ndugu wa 3S-FE, hupinda valvu. Dizeli za Toyota kama 1KZ na 1HZ usizitegemee huruma. Na kama ulitozwa mkanda wa taimingi kwenye IST, una kesi nyingine kabisa, kwa sababu ile inatumia cheni.

Hatua ya 3: Fungueni mkiwa pamoja

Mwite fundi aliyefunga. Akikataa kuja, mwandikie ujumbe wenye siku na saa, kisha lete fundi wa tatu. Piga picha ya kilomita kwenye dashibodi, na kava likishatoka piga picha ya alama za krenki na kamshafti kabla mtu hajagusa spana. Ukimpa fundi mwingine afungue peke yake, yule wa kwanza atasema alama zilihamishwa huko, na hutakuwa na la kumjibu.

Hatua ya 4: Soma mkanda

Hapa msiwe na haraka.

Meno yakiwa yamenyofoka sehemu moja tu, kuna kitu kiligoma kuzunguka na gia ya krenki ikayakwangua. Zungusha pampu ya maji kwa mkono kama inaendeshwa na mkanda huo, halafu puli za tenshena, kifaa kinachokaza mkanda. Inayokwama au kukwaruza ndiyo mshukiwa.

Ukingo ukiwa umechanika nyuzinyuzi, mkanda ulikuwa unakimbilia pembeni, na chanzo huwa puli iliyokaa upande au beringi iliyolegea.

Mkanda uliovimba na kunuka oili unaonyesha sili inavuja. Fundi aliyeona uvujaji, akafunga mkanda mpya juu yake na kunyamaza, hapo sina namna ya kumtetea.

Uliokatika mnyoofu kama kwa kisu huenda ulikunjwa sana kabla ya kufungwa, nyuzi za ndani zikavunjika, au kuna kitu kiliingia katikati.

Kisha kuna mkanda mzima ambao alama zimepishana. Niliwahi kukuta Prado ya 1KZ yenye mkanda ambao maandishi yake meupe hayajafutika, lakini bolti ya tenshena ilitoka kwa vidole viwili. Muuza spea anahusikaje hapo?

Hatua ya 5: Pima madhara kabla ya kutoa hedi (kichwa cha injini)

Rudisha alama, funga mkanda, zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili. Kamshafti itazunguka mara moja na alama zirudi mahali pake. Ikigoma, usilazimishe. Kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Petroli nyingi zikiwa nzima husoma kama psi 150 hadi 180. Silinda yenye valvu iliyopinda husoma sifuri au karibu na hapo. Ingiza upepo wa kompresa kwenye silinda hiyo, valvu zake zikiwa zimefunga: ukivuma kwenye ekzosi, valvu ya ekzosi imepinda, ukivuma kwenye njia ya hewa, ni ya kuingizia.

Hatua ya 6: Nani alinunua spea?

Mteja aliyejinunulia mkanda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, akaambiwa abadilishe na tenshena akakataa, abebe sehemu yake, ila fundi awe na ujumbe unaoonyesha alimwambia. Fundi aliyeleta spea mwenyewe na kuweka chake juu amwajibikie mteja, kisha amgeukie muuza duka kwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ufungaji mbaya mara nyingi hujionyesha mapema. Mkanda uliokwenda kilomita 40,000 huwezi kumrushia fundi bila ushahidi wa Hatua ya 4.

Hatua ya 7: Andika madai

Orodhesha valvu, gasketi ya hedi, ufundi na gharama ya kuvuta gari. Usidai injini nzima kama zimepinda valvu nne. Vipuri vya zamani vifungeni kwenye mfuko, wote mtie saini. Msipoelewana, anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha mahakama ya mwanzo, ambako shauri linaendeshwa kwa Kiswahili. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inafidia hasara inayotokana moja kwa moja na kazi mbovu, au ile ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Kwa hiyo kama gari ni la hesabu ya kila siku, mwambie fundi siku unayompa funguo, tena kwa ujumbe.