SOMO: Wikendi ya Dubai na marafiki ukiwa unafanya kazi Abu Dhabi (soma lote ndo uulize)

Habari zenu wadau. Kila mshahara ukiingia simu yangu inajaa maswali yale yale, dada mnaendaje Dubai, dada mnalala wapi, dada basi bei gani, sasa naandika mara moja hapa na nikiulizwa tena ntakuwa nakuelekeza huku. Somo ni la sisi wa mishahara ya kawaida, sekyuriti, wahudumu wa hoteli, wauguzi, madereva, dada wa majumbani, tunaotoka Jumamosi asubuhi na Jumapili usiku lazima uwe umelala maana Jumatatu alfajiri kuna shifti. Na nasema mapema, safari hii ni tamu sana, mji ule una raha zake na nyingi ni bure au karibu na bure, kinachoiharibu ni hela zisizopangwa na muda wa kurudi basi.

Hatua ya 1. Watu. Wanne ndo idadi nzuri, teksi moja inawatosha na vyumba viwili vinawatosha.

Hatua ya 2. Omba ofu wiki mbili kabla, wote, tena kwa maandishi.

Hatua ya 3. Mchango. Hela zikusanywe kabla hamjatoka na akae nazo mtu mmoja, yule mnayemwamini kwenye vikoba. Usikubali "ntakulipa tukifika" hata kwa rafiki wa damu. Hesabu ya chini kwa mtu mmoja iko hivi: basi dirham 25 kwenda na 25 kurudi, kadi ya nol, ile ya kulipia metro na basi la Dubai, ya rangi ya fedha (silver) 25 (ndani yake unakuta salio la 19), metro weka kama 20 kwa siku, halafu chakula na sehemu yako ya chumba. Bei ya chumba siiandiki maana inapanda na kushuka kila wiki, Desemba si sawa na Julai.

Hatua ya 4. Hoteli. Tafuteni Deira au Bur Dubai karibu na stesheni ya metro, pande za Al Rigga, Union au Baniyas Square, msidanganywe na bei rahisi ya sehemu ambayo kila mkitoka ni teksi. Bei mnayoiona mtandaoni mara nyingi siyo ya mwisho, kuna ada ya utalii inaitwa Tourism Dirham, kati ya 7 na 20 kwa chumba kwa usiku kutegemea nyota za hoteli, mnalipia pale mapokezi. Hoteli nyingi pia zinashika dhamana na kuirudisha mkitoka, kwa hiyo mweka hazina awe na akiba. Kila anayelala aende na Emirates ID yake halisi, yaani kitambulisho cha ukaazi, picha ya kwenye simu usiitegemee. Na msijaribu kujazana sita kwenye chumba cha wawili, kila mgeni anaandikishwa, mtatolewa usiku muanze kuhangaika na mabegi.

Hatua ya 5. Basi. Nendeni stesheni kuu ya mabasi pale karibu na Al Wahda Mall. Basi namba E101 linaenda Ibn Battuta, hapo unashuka na kuingia metro moja kwa moja. E100 inaenda Al Ghubaiba, upande wa Bur Dubai, karibu na maji. Mkilala Deira au Bur Dubai na hampendi kubadilisha badilisha, pandeni E100. Wahini kabla ya saa mbili asubuhi.

Hatua ya 6. Metro. Ukitoka Ibn Battuta panda treni ya kwenda Centrepoint. Laini Nyekundu na ya Kijani zinakutana BurJuman na Union. Safari moja kwa kadi ya fedha ni dirham 3, 5 au 7.5 kufuatana na umbali, kwa hiyo kama siku hiyo mna safari ndefu tatu au zaidi nunueni pasi ya siku ya dirham 20. Mambo ya faini: usile, usinywe, hata bigijii usitafune, 100 hiyo. Wanaume angalieni chini kuna mstari wa pinki, behewa la wanawake na watoto, ukikutwa 100. Behewa la gold, lile la daraja la juu, bila tiketi yake, 100. Na barabarani vuka kwenye kivuko, ukikatiza popote faini inaanzia 400.

Hatua ya 7. Siku yenyewe. Jumamosi mchana tembeeni upande wa zamani, kwangu mimi ndo Dubai yenyewe. Anzeni Al Fahidi kwenye vile vichochoro na nyumba zenye minara ya upepo, shukeni mpaka kwenye maji, pandeni abra, zile boti ndogo za kuvusha watu, mvuke ng'ambo ya Deira, nauli dirham 1, moja tu, unampa nahodha mkononi, kwa hiyo muwe na sarafu. Ng'ambo mnaingia soko la viungo na soko la dhahabu, harufu ya karafuu na iliki mtadhani mko Darajani. Ukingoni mtaona majahazi ya mbao yanapakia friji, matairi, magodoro, mizigo ya kwenda Somalia na Iran, simameni muangalie, mimi sijawahi kulichoka lile eneo. Chai ya karak na shawarma hapo hapo, mkitaka kushiba kaeni chini mle mandi, wali na nyama, ya sinia moja wote.

Jioni nendeni Dubai Mall kuona maji yanayocheza chini ya Burj Khalifa. Bure kabisa, usiku yanacheza kila nusu saa. Kupanda juu ya jengo kunalipiwa na muda wa machweo ndo ghali zaidi, sisi tunaliangalia kutokea chini, mita 828 zinaonekana vizuri tu. Kutoka stesheni mpaka ndani ya mall kuna daraja refu la kutembea, wenye viatu virefu mjipange.

Jumapili asubuhi baharini, Kite Beach au JBR, zote bure. Juni mpaka Septemba sahauni pwani mchana, joto linapita 40, nendeni Jumamosi jioni au msiende.

Hatua ya 8. KURUDI. Hapa naomba usome taratibu.

Kadi ya nol ndo tiketi yako ya basi la kurudi, na ukigusa mlangoni lazima iwe na dirham 25 kamili. Watu wanakuja Ibn Battuta Jumapili jioni wamechoka, wamezunguka na metro siku mbili, kadi imebaki na 11, wanapanga foleni nusu saa nzima halafu mlangoni kadi inalia, dereva anakwambia shuka kaongeze salio, unakimbilia mashine, nayo ina foleni yake, ukirudi basi limeondoka na foleni imeshazunguka kona. Katika kundi letu dada mmoja alibaki hivyo peke yake, chaji ya simu asilimia 3, wenzake wameshaondoka na yeye ndo ana funguo ya chumba tunachokaa, usiku ule hakuna aliyelala vizuri na Jumatatu wawili walichelewa kazini wakakatwa. Kwa hiyo:

Jumamosi asubuhi kabla hujafanya lolote hakikisha kadi ina 25 za kurudi juu ya hela ya metro, na hizo 25 uzione kama hazipo.

Hafilat, kadi ya mabasi ya Abu Dhabi, haifanyi kazi kwenye metro ya Dubai. Usije na Hafilat ukasema nna kadi.

Kadi moja mtu mmoja. Huwezi kumgusia mwenzako kwa kadi yako.

Mtu akikwama, wote mnashuka. Makubaliano haya yafanyike nyumbani siyo mlangoni mwa basi.

Metro ya Jumamosi inafunga saa sita usiku, na JUMAPILI INAANZA SAA MBILI ASUBUHI, siyo saa kumi na moja kama siku nyingine. Mwenye shifti Jumapili mchana asipange treni ya alfajiri, haipo.

Mwisho, saa kumi jioni muwe mmeshafika kwenye foleni ya basi. Siyo saa mbili usiku. Saa kumi.

MASWALI

Kijana wa Musaffah: Dada nauli bei gani?

Jibu: Hatua ya 3.

Kijana wa Musaffah: Sawa ila si kuna jamaa wana carlift, magari binafsi ya kubeba watu, wanatoza 30 na anakufikisha mpaka mlangoni, kwani basi la nini?

Jibu: Hao wengi hawana leseni ya kubeba abiria, wakikamatwa njiani gari linazuiwa na wewe unabaki jangwani na begi lako. Somo langu ni la basi. Ukichagua hiyo nyingine ni uamuzi wako.

Dada wa Khalifa City: Shikamoo dada. Mimi ni dada wa kazi za ndani, natamani sana kwenda hata siku moja tu, sijawahi kuiona Dubai zaidi ya uwanja wa ndege. Bosi wangu si mbaya ila naogopa kumuomba, na pasipoti anayo yeye.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na nimefurahi umeuliza. Kwanza sheria ya wafanyakazi wa ndani hapa inakupa siku moja ya mapumziko kila wiki yenye malipo, kwa hiyo hujaomba hisani. Muombe mapema, mwambie unakwenda na nani na unarudi saa ngapi, mabosi wengi wanachoogopa ni kutojua ulipo. Pili, pasipoti kisheria inatakiwa kukaa kwako, lakini kwa safari hii huihitaji, Emirates ID inatosha. Kama ni siku moja achana na hoteli, panda E100 ya asubuhi, tembea Al Fahidi, abra, masoko, kula, halafu metro mpaka Dubai Mall uzunguke ndani kwenye ubaridi, kisha Ibn Battuta saa kumi. Maji yanayocheza ya usiku utayakosa, usiyasubiri. Bajeti yako basi 50, kadi 25, abra 2, metro na chakula ukiwa na 50 unakula vizuri. Niandikie faragha, mwezi ujao tunakwenda na kuna nafasi.

Dada wa Khalifa City: Mungu akubariki dada yangu.

Kevo wa Al Ain: Na sisi wa Al Ain je ama tumesahaulika?

Jibu: E201, inawashusha Al Ghubaiba, mko karibu na abra kuliko sisi. Mengine yote ni yale yale, nol pia.

Mtoto wa Mjini: Kwa hiyo klabu gani zinawaka? Mbona hujataja hata moja, somo gani hili la kanisani.

Jibu: Sijataja kwa sababu sijui mfuko wako. Kunywa kuna sehemu zake zenye leseni, umri ni 21, na ukionekana umelewa barabarani ni kesi. Ukitoka huko saa tisa usiku metro imefungwa, nauli ya teksi uwe nayo mfukoni. Usimwombe mweka hazina.

Mtoto wa Mjini: Punguza ukali mama.

Jibu: Mimi nataka urudi kazini Jumatatu.

Mama Wawili: Nawezaje kupiga picha pale sokoni na kwenye abra bila shida? Nimesikia mtu alishtakiwa.

Jibu: Swali zuri mno. Mandhari piga tu. Watu usiwapige karibu bila kuwaomba, hasa wanawake na familia, na kuzirusha mtandaoni picha za mtu bila ridhaa yake hapa ni kosa kisheria. Ukitaka picha ya nahodha wa abra muombe kwa ishara, wengi wanacheka na wanakaa pozi kabisa.

Mswahili wa Muscat: Huku Oman tunakaa, naweza kuja kujumuika? Nna ukaazi wa Oman, pasipoti ya Kenya.

Jibu: Karibu sana kaka, ila ukaazi pekee hauvushi mpaka, unatakiwa uombe viza ya mtandaoni ya wakaazi wa nchi za Ghuba KABLA hujasafiri. Usifike mpakani mikono mitupu. Basi la Mwasalat kutoka Muscat linakuja mpaka Abu Dhabi kupitia Al Ain, sisi tunakupokea hapa.

Mswahili wa Muscat: Ahsante. Na nyie siku moja mje huku, Kiswahili utakisikia sokoni mpaka kwa wazee wa Kiomani, mihogo ya nazi ipo.

Jibu: Hiyo naiandikia somo lake nikija.

Mwanafunzi wa Historia: Nje ya mada kidogo, hiyo Ibn Battuta mnayoshukia ni yule yule aliyefika kwetu?

Jibu: Ndiye, Mmoroko aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mall iliyoungana na stesheni imegawanywa kumbi sita kwa nchi alizozunguka, Andalusia, Tunisia, Misri, Uajemi, India na China, kila ukumbi na mapambo yake, ule wa Uajemi dari lake utainua shingo mpaka iume. Kilwa haimo na mimi inaniuma kila nikipita, maana aliusifu ule mji. Ukiwa na dakika ishirini kabla ya basi pita uone, ila mwache mmoja wenu kwenye foleni.

Mwanafunzi wa Historia: Wow, nimepita pale mara kibao nikijua ni jina tu. Wikendi hii naingia ndani.

Kijana wa Musaffah: Dada hoteli mnalala wapi?

Jibu: Hatua ya 4 kijana wangu. Soma.

Bi Harusi Mtarajiwa: Mimi naenda kununua vitenge na vyombo Deira, kuna watu wa kutuma mzigo Mombasa wa uhakika?

Jibu: Deira ofisi za kago za Afrika Mashariki ni nyingi, wengi wanaongea Kiswahili. Simtaji mtu hapa. Fanya hivi: nenda Jumamosi mchana, Jumapili wengine wanafungua kwa kuchelewa. Uliza bei kwa kilo kwenye ofisi tatu, simamia mzigo ukipimwa kwa macho yako, usikubali kuambiwa "acha tutapima baadaye". Andika orodha ya vitu, wapige muhuri, piga picha boksi likiwa wazi na likiwa limefungwa. Uliza pia kama bei yao imeingiza ushuru wa kule, maana hapo ndo mtu anaambiwa bei moja Deira na nyingine Mombasa. Vyombo vya udongo vifungie kwenye vitenge vyenyewe, umeokoa hela ya povu.

Mama Wawili: Na sahani uzisimamishe kwa ubavu, usizilaze. Zangu zote zilifika nzima.