SOMO: Kununua na kuuza tarumbeta au koneti (tarumbeta fupi) ya zamani (soma kabla ya kuuliza bei)

Swali la "hii inaenda shilingi ngapi?" likiwa na picha moja tu limejibiwa mara nyingi mno. Fuateni hatua hizi.

1. Soma jina la mtengenezaji, na namba iliyochongwa, mara nyingi kwenye kasha la pistoni (vali inayobonyezwa kwa kidole) ya pili.

2. Chomoa slaidi (vibomba vinavyovutwa) zote nne: ile kuu na moja ya kila pistoni. Ikigoma hata moja, punguza bei.

3. Tia mafuta kwenye pistoni. Vuta slaidi ya pistoni ya kwanza bila kubonyeza, subiri sekunde tano, kisha bonyeza. Ikilia "pop" hewa haivuji. Rudia kwa nyingine.

4. Kagua bomba la kupulizia, lile linaloshika mausipisi (kipande cha mdomoni). Madoa ya waridi yenye kiini cheusi maana yake zinki imetoka, imebaki shaba tupu. Uozo huo huanzia ndani, kwa hiyo kusugua hakusaidii, bomba hubadilishwa.

5. KIMO CHA SAUTI. Hapa ndipo pesa hupotea. Bendi za vyombo vya shaba za Uingereza zilipiga noti ya A kwa hezi (mitetemo kwa sekunde) 452.5, yaani kimo cha juu, badala ya 440 hadi katikati ya miaka ya 1960, na vyombo vya kampuni za Besson na Boosey & Hawkes vya kabla ya hapo vingi viko hivyo. Tofauti ni karibu robo toni: ukiingia nacho kwenye kwaya yenye kinanda, wimbo wote unaharibika. Pasha chombo moto kwa kukipiga dakika kumi, maana kikiwa baridi sauti hushuka na kuficha kasoro. Vuta slaidi kuu sentimita moja, piga C bila kubonyeza pistoni, tazama tyuna (kipima sauti) ya simu; kwa chombo cha B-flat itaonyesha B-flat. Ikikaa juu sana, usilipe kabla hujasikia noti zote. Muuzaji akikupa slaidi ikiwa imevutwa hadi mwisho, irudishe ndani mwenyewe kwanza.

6. Ukiuza, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Ya moto hubandua laka (rangi angavu ya kinga). Usikisugue king'ae: michoro hufutika, na mnunuzi anayejua hushusha bei. Ukifunga mzigo, toa mausipisi.

MASWALI

– Mkuu, nina tarumbeta la babu, bei?
Hatua ya 1. Namba na picha za pistoni ziko wapi?

– Mausipisi imenasa, nimeigonga kidogo kwa nyundo.
Acha nyundo, acha na koleo. Vyote hupinda bomba. Tafuta kifaa cha kuchomolea mausipisi; ulizia bendi ya polisi au ya kanisa iliyo karibu.

– Samahani mwalimu, koneti ya kimo cha juu nikivuta slaidi kuu, mbona noti za pistoni bado ziko juu?
Swali zuri, dada. Umerefusha bomba kuu peke yake. Koneti ina karibu mita 1.4, inahitaji sentimita 4 zaidi, yaani 2 kila mguu wa slaidi. Slaidi za pistoni nazo zivutwe kwa uwiano uleule: ya kwanza karibu milimita 2, ya pili 1, ya tatu karibu 4. Kwa koneti inawezekana. Yufoniamu (chombo kikubwa cha shaba chenye sauti nene) ni ndefu maradufu, slaidi kuu inabaki imeshika kidogo tu. Hapo fundi aunge slaidi ndefu.

– Nimeosha, sasa hewa haipiti kabisa!
Umechanganya pistoni. Zina namba 1, 2, 3. Ya 1 ndiyo iliyo karibu na mpigaji. Zungusha mpaka isikike ikijifunga.

– Mafuta ya kula yanafaa?
Hapana, yanaganda na pistoni hukwama. Vaselini iende kwenye slaidi tu.