Jinsi ya kuomba kadi ya FIVA kwa gari lako la spoti la zamani (anza na namba ya injini, fomu baadaye)

Wakuu, kadi yangu imetoka wiki iliyopita. Gari ni MGB ya wazi ya 1965, ile spoti ndogo ya Uingereza, na imenichukua miezi kumi na moja kwa kitu ambacho kingeisha ndani ya miezi mitatu. Naandika sasa hivi nikiwa bado nakumbuka kila hatua, manake kwenye klabu yetu kuna watu wanne wanataka kuanza na nikiwasikiliza naona wanaelekea kulekule nilikokwama mimi.

Kwa ufupi tu kwa ambao hawajaisikia: FIVA ni shirikisho la kimataifa la magari ya zamani, lipo tangu 1966, na kadi yake inatambulisha gari, inasema hili ni gari gani, la mwaka gani, liko katika hali gani na nini kimebadilishwa. Rali za FIVA zinaidai. Haichukui nafasi ya kadi ya usajili wala bima wala ukaguzi wa usalama, hivyo vyote vinabaki palepale. Na kama wewe unataka kushindana mbio zenyewe hiyo ni karatasi nyingine kabisa, ya FIA (shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari), inaitwa Historic Technical Passport, msichanganye, kuna mwenzetu kahangaika na fomu ya FIVA wiki nzima kumbe anataka ile nyingine.

Masharti ya msingi: gari liwe na miaka 30 au zaidi, liwe limetunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na lisiwe gari lako la mizunguko ya kila siku. Maombi yanapitia chama cha nchi yako kilicho mwanachama wa FIVA. Wao ndo wana fomu na wao ndo wanakupa mkaguzi. Klabu yako ikiwa chini ya chama hicho, mpitie katibu wa klabu, inaenda haraka zaidi kuliko kuandika mwenyewe.

Sasa kabla hujaigusa fomu, nenda kwenye gari. Hapa ndo nilipoumia mimi.

Mimi nilikaa mezani na kadi ya usajili nikanakili namba zote, ya chesisi inaanza na GHN3, ya injini inaanza na 18GB, nikaona safi kabisa kwa sababu 18GB ndo injini ya mwaka ule, ile yenye beringi kubwa tano iliyokuja mwishoni mwa 1964 badala ya zile za tatu. Kila kitu kinaendana. Nikasaini nikatuma. Baada ya wiki kadhaa mkaguzi akaja, mzee mmoja mtulivu sana, akafungua boneti, akatoa kitambaa akafuta kile kibati kidogo kilichopigwa ribiti ubavuni mwa bloku upande wa kulia, akaniita nikasome mwenyewe. 18V. Yaani injini ya miaka ya sabini. Aliyekuwa na gari kabla yangu, au aliyemtangulia huyo, alibadilisha injini na hakwenda kubadilisha usajili, na mimi nimelimiliki gari miaka sita, nimevua silinda hedi mara mbili, sijawahi kukisoma kibati kile kwa sababu kilikuwa chini ya grisi na rangi.

Mzee hakunikaripia, akasema tu kwamba hawezi kuweka sahihi kwenye fomu inayosema kitu ambacho chuma hakisemi. Na hapo yakaanza mambo mawili kwa pamoja. Ofisi ya usajili ikataka uthibitisho wa injini imetoka wapi, mimi sina hata risiti, aliyeniuzia kahama na simu haipatikani. Nikaenda mara tano, kila mara dirisha tofauti na kila dirisha linataka karatasi ambayo la jana halikuitaja. Kilichonisaidia mwishoni ni mwanaklabu mmoja aliyekuwa na picha za gari langu la miaka kumi na mbili nyuma, boneti iko wazi na injini inaonekana ni ileile, pamoja na barua ya fundi aliyeifunga. Hiyo ilikula miezi saba. Nawaomba sana, msipite njia hiyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua mafuta ya taa, brashi ya nyuzi laini na tochi. Safisha kibati cha chesisi na kibati cha injini taratibu, usitumie msasa wala grainda kabisa, ukikwangua namba utaonekana umeichezea na hakuna atakayekuamini tena. Weka karatasi nyembamba juu ya kibati, pitisha penseli kwa ubavu mpaka namba itokee, andika tarehe. Piga picha ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha kibati kiko wapi ndani ya chumba cha injini. Ndo sasa weka kadi ya usajili pembeni ulinganishe tarakimu moja moja. Kama kuna tofauti, maliza suala la usajili KWANZA. Usitume fomu ukidhani mtarekebisha njiani.

Sambamba na hilo omba cheti cha heriteji. Kwa MG na magari mengine mengi ya Uingereza kinatolewa na British Motor Industry Heritage Trust walioko Gaydon, kwa Jaguar kuna Jaguar Daimler Heritage Trust. Wanatoa kwenye vitabu vya kiwanda vyenyewe: gari lilikamilika lini, namba ya injini iliyotoka nayo, rangi, siti, vifaa vya ziada, lilipelekwa nchi gani. Cha kwangu kilionyesha gari lilitoka kiwandani Abingdon likiwa na rangi ya Iris Blue, nami nilikuwa nimeshalipuliza jekundu kwa sababu ndivyo nilivyolikuta. Ningekipata cheti kabla ya kumpelekea fundi rangi nisingelipuliza jekundu, na bado linaniuma kila nikifungua gereji. Kiombe siku ileile unayonunua gari, hata kama kadi unaipanga miaka mitatu mbele.

Mkiwa bado mko kwenye ukarabati, jambo la vibati ni la kumsimamia fundi mwenyewe. Akitaka kupuliza chumba cha injini atavitoa, na akishavitoa zile ribiti za kiwandani zimekwenda. Piga picha kabla, wakati anatoa, na baada ya kurudisha. Hifadhi ribiti za zamani kwenye bahasha. Mkaguzi wangu aliuliza kwa nini ribiti ni mpya na bahasha ile ilimaliza swali kwa dakika moja. Vilevile piga picha kila hatua ya bodi, kutu ilikuwa wapi, bati gani limekatwa, lipi limechomelewa. Kama bodi nzima ni mpya, manake kwa MGB zinapatikana zilizofyatuliwa kwa mashine za asili tangu 1988, sema hivyo kwenye fomu. Ukificha ataona kwenye maungio tu.

Fomu yenyewe si ngumu ila inataka undani. Usiandike "kabureta SU" ukaishia hapo, andika SU HS4, mbili. Ujazo cc 1798, silinda nne, kipenyo 80.26 mm, mwendo wa pistoni 88.9 mm, umbali kati ya ekseli za mbele na nyuma inchi 91. Hivi vyote viko kwenye manyuo ya kiwanda, yaani kitabu cha mwongozo wa ufundi, nakili kutoka huko na uambatishe kurasa husika. Manyuo na kitabu cha spea ndo mashahidi wako kwa kila kitu ambacho mkaguzi atakitilia shaka, hasa vile vifaa ambavyo mnunuzi alichagua kwa hiari yake wakati ule kama rimu za spoku au ovadraivu.

Sehemu ya marekebisho ijaze yote. Dainamo umetoa umeweka alteneta, andika. Umeme ulikuwa chanya kwenye bodi ukaugeuza kuwa hasi, andika. Mikanda ya siti, andika. Nilikuwa naogopa kwamba kila nitakachoandika kitanishusha, lakini kitakachokuumiza ni kile atakachokikuta yeye kabla hujakitaja. Injini yangu ya 18V imeandikwa wazi kwamba ni ya baadaye, ya modeli ileile na ujazo uleule, na kadi imetoka.

Kuhusu makundi: kipindi kinahesabiwa kwa mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 1961 hadi 1970 ni herufi F. Halafu kuna hali ya gari, ambapo 1 ni lile la asili ambalo halijaguswa, 2 ni halisi lililotunzwa, 3 limekarabatiwa, 4 limejengwa upya. Karibu sote tunaokarabati tunaangukia 3 na hakuna aibu yoyote. Msilazimishe 2 kwa gari ambalo limepulizwa rangi upya na kushonwa siti upya, mtabishana na mkaguzi bure.

Picha za fomu: gari liwe kama litakavyokuwa siku zote. Mimi rimu zangu za spoku zilikuwa kwa fundi nikaazima rimu za kisasa ili tu gari lisimame, nikapiga picha, zikarudishwa zote. Nje pasiwe na watu wala magari mengine nyuma, milango imefungwa, mchana.

Siku ya ukaguzi gari liwe limepoa, boneti na buti zifunguke bila kuhangaika, jeki iwe karibu, na karatasi zote ziwe kwenye faili moja kwa mpangilio wa fomu. Wangu alikaa saa mbili na nusu. Mwache afanye kazi, mjibu anachouliza.

Kadi ikifika usiitie kwenye droo. Nenda nayo kwenye gari, soma kila tarakimu kwenye kibati huku mtu mwingine anasoma kwenye kadi. Ya kwangu ilikuja sawa, ya mwenzangu ilikuja na tarakimu mbili zimepishana na aliirudisha siku hiyohiyo ikarekebishwa. Inadumu miaka 10 na inakufa gari likibadili mmiliki, kwa hiyo ukiuza, mnunuzi anaomba upya, mpe faili lote pamoja na ile bahasha ya ribiti.