Jinsi ya Kupima Uzito wa Tamko la Papa

Kabla ya kubishana juu ya neno la Baba Mtakatifu, tazama kwanza limetolewa kwa namna gani, kwani mahojiano ndani ya ndege hayalingani na waraka ulioandikwa kwa Kanisa zima. Kutokukosea kwa Papa, kama Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulivyofafanua mwaka 1870, kunahusu fundisho la imani au maadili ambalo Papa, akiwa mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, analitangaza rasmi kuwa la kushikwa na Kanisa lote. Ndivyo Papa Pio XII alivyofanya tarehe 1 Novemba 1950 kuhusu Bikira Maria kupalizwa mbinguni, yaani kuchukuliwa huko mwili na roho. Matamko ya aina hiyo ni machache mno, jambo ambalo wabishi wengi husahau. Mafundisho ya kawaida ya Papa nayo yanadai utii wa akili na utashi; basi soma waraka wenyewe, si kichwa cha habari, na palipo pagumu muulize paroko.