Fuata kitu kimoja tu

Nikitaka kulinganisha muundo wa hadithi, sianzi na wahusika. Nachagua kitu kimoja kinachoshikika mkononi, nakifuata mwanzo hadi mwisho, daftari likiwa mapajani.

Chukua filamu ya Casablanca ya mwaka 1942. Kitu chako ni zile hati za kusafiria. Mapema kabisa tapeli Ugarte anamkabidhi Rick, mwenye klabu, naye Rick anazificha ndani ya piano ya Sam, mwanamuziki wake. Simamisha filamu hapo, andika dakika. Andika tena kila zinapotajwa: nani anazitaka, nani ananyimwa. Zinapofika uwanja wa ndege zimeshabeba uamuzi mzima wa Rick. Dakika 102, fundo moja, linafunguliwa mara moja. Napenda mno hadithi iliyobanwa hivyo.

Kisha njoo kwenye tamthilia ya Breaking Bad, 2008 hadi 2013, sehemu 62. Fuata risini, ile sumu. Walter, mwalimu wa kemia anayepika dawa za kulevya, anaitengeneza mwanzoni mwa msimu wa pili. Inakosa kazi, inatengenezwa upya, inafichwa kwenye sigara, baadaye nyuma ya soketi ya umeme, na inakuja kutumika sehemu ya mwisho kabisa. Hapa usiandike dakika, andika namba ya sehemu, na pembeni yake swali linaloachwa wazi kila sehemu inapokwisha. Maswali hayo ndiyo mifupa ya tamthilia. Tafadhali usiruke sehemu za polepole. Huko ndiko majuto ya Jesse, mshirika wa Walter, yanakopikwa.

Sasa weka kurasa mbili ubavu kwa ubavu, upime mapengo kati ya alama na alama.