Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua Banjo Jepesi Uzeeni

Mtu aliyevuka miaka 60 asinunue banjo, ile ala ya nyuzi yenye shingo ndefu na duara lililowambwa ngozi, kabla ya kulipakata, akiwa ameketi na fedha zake zikiwa bado mfukoni. Naandika haya nikiwa Mikindani, bega langu la kushoto likiwa limepona kwa kiasi tu, na yote ninayoyaeleza hapa ningeyaepuka kwa dakika kumi za subira dukani.

Uzito ni jambo la wazi. Banjo lenye sahani ya mbao mgongoni na pete nzito ya shaba ndani ya duara lake huzidi kilo 4, na mengine hufika 5, ilhali lililo wazi mgongoni na lisilo na pete hiyo aghalabu huwa kati ya kilo 2 na 3. Chukua la wazi. Sauti yake ni ya upole zaidi, na wajukuu wakishalala unaweza kuituliza kwa kusokomeza kitambaa nyuma ya ngozi.

Nyuzi ziwe nyembamba, au ziwe za nailoni, na uzilegeze kidogo chini ya sauti ya kawaida ili vidole visilazimike kubonyeza kwa nguvu. Vigingi vya kukazia nyuzi viwe vya meno, kwa kuwa vile vinavyoshika kwa msuguano mtupu huwatesa wenye maumivu ya viungo. Kiti kisiwe na mikono, na nyayo zifike chini.

Sasa nije kwenye jambo lililoniumiza. Banjo langu la mtumba lilikuwa na shingo iliyopinda, nikalipeleka kwa seremala anichongee nyingine. Yeye alipendekeza mninga. Mimi, kwa majivuno ya mtu wa Kusini, nikasisitiza mpingo, nikimweleza kwamba mti huohuo wanaouchonga Wamakonde ndio unaotengenezewa klarineti na oboi huko Ulaya, kana kwamba banjo nalo ni klarineti. Kazi ilipokamilika nililipima kwenye mizani ya muuza samaki, nikakuta halifiki kilo 3, nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika kabisa kwamba nina banjo jepesi.

Mizani haikusema uongo, ila haikuonyesha uzito umekaa wapi. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, karibu mara mbili ya mninga, na duara la banjo langu lilikuwa jembamba lisilo na pete; hivyo kila nilipolipakata, shingo ilishuka kuelekea sakafuni, na mkono wangu wa kushoto, ambao kazi yake ni kubonyeza nyuzi, ukawa pia ndio nguzo ya kuizuia isianguke. Kijana angeliona tatizo hilo siku ya kwanza na kulalamika. Mimi nilidhani ni uzee, nikaendelea kwa miezi mitatu, saa nzima kila jioni, hadi siku niliposhindwa kuinua mkono kufunga kamba ya chandarua. Daktari aliponiuliza ninabeba mzigo gani, nilimjibu kwamba tangu nistaafu sibebi chochote. Mjukuu wangu aliyenisindikiza ndiye aliyemwambia kwamba babu hubeba gogo kila jioni. Niliagizwa kupumzika, na msimu mzima wa korosho ulipita bila kugusa uzi.

Kwa hiyo fanya jaribio hili, wala usimwonee haya muuzaji. Keti, lipakate banjo, vaa mkanda, kisha uachie mikono yote miwili na uhesabu hadi kumi. Shingo ikibaki ilipo, endelea na mazungumzo ya bei. Ikianza kuinama, lirudishe, hata kama mizani inasoma kilo 2. Mkanda nao uwe wa ngozi yenye upande mkwaruzo unaoshika begani. Wangu wa kwanza ulikuwa wa kitenge kizuri kilichoteleza juu ya shati, na hivyo ukausaidia mpingo kunivuta chini. Siku hizi napigia shingo ya mninga, na ile ya mpingo mke wangu huitumia kama komeo la mlango wa jikoni, kazi inayoiweza vizuri.

Baada ya hapo tazama hali ya hewa yetu. Ngozi ya mnyama iliyowambwa kwenye banjo hulegea wakati wa mvua, na wenye mazoea ya ngoma watakushauri uipashe kwenye moto wa nyasi kama wanavyofanya kabla ya kuingia uwanjani. Usithubutu, kwa sababu skrubu zinazoizunguka zimekwisha kuivuta, na joto la ghafla linaweza kuichana. Ngozi za plastiki zimekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa anayeishi karibu na bahari ndizo zinazofaa. Nyuzi za chuma hushika kutu upesi kwa chumvi ya upepo, basi uzifute kila umalizapo kupiga. Wenye mashamba wanajua pia kwamba vumbi la salfa inayopulizwa mikorosho huingia hadi ndani ya nyumba, na salfa hugeuza shaba kuwa nyeusi. Wakati wa kupuliza, banjo likae ndani ya mfuko uliofungwa.

Nunua seti mbili za nyuzi za akiba ukiwa Dar es Salaam. Anza na robo saa kwa siku, si zaidi, na ganzi ikiingia vidoleni uache siku hiyohiyo. Usiliache banjo juani wala usilitundike kwenye msumari mmoja. Ukisafiri kwa basi kutoka Lindi kuja Mtwara, lipakate mwenyewe njia nzima, hata kama utingo anakuapia kwamba kwenye buti kuna nafasi.