Jinsi ya kufunga majivu ya kichomataka cha hospitali kwa chokaa na saruji

Majivu ya kichomataka si majivu ya jikoni. Yamebeba metali za risasi, zinki na kadimiamu, pamoja na dioksini, yaani sumu zitokanazo na kuchoma plastiki zenye klorini. Yasimwagwe bustanini, na fundi matofali asipewe hata ndoo moja; hugandishwa kuwa tofali la kuzikwa, ili sumu zisivuje.

Kazi huanza kabla ya moto. Tenga mifuko ya damu na mipira ya dripu ya PVC (plastiki yenye klorini), wala usichome taka zilizolowekwa kwenye maji ya klorini. Saruji hushikilia dioksini tu, haiziui.

Acha majivu yapoe kabisa. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, miwani, buti na glavu nene; barakoa ya kitambaa haitoshi. Nyunyizia maji kidogo ndipo uchote kwa koleo, maana ukifagia makavu utavuta vumbi lenye risasi. Chekecha kwa wavu wenye mpini mrefu, usitie mkono: sindano haziungui. Zipeleke kwenye shimo la vitu vyenye ncha kali. Vipande ambavyo havijaungua virudi motoni.

Kipimo cha kuanzia ni kile ambacho Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa taka za dawa, kwa uzito, ukiweka majivu mahali pa dawa: majivu kilo 65, chokaa 15, saruji 15, maji 5. Majivu makavu hunywa maji mengi kuliko hayo, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo mpaka mchanganyiko ukiufinya ushikamane bila kuchuruzika.

Usitie saruji mara moja. Changanya kwanza majivu, chokaa na sehemu ya maji, uache hadi kesho yake mahali pa wazi, mbali na moto. Karatasi za alumini za vidonge hukutana na chokaa zikatoa haidrojeni, gesi inayowaka. Ukiruka hatua hii, gesi itatokea ndani ya tofali. Litavimba na kupasuka. Mapovu yakikoma, tia saruji, koroga hadi rangi iwe moja, kisha shindilia kwenye ndoo au fremu.

Zinki na risasi huchelewesha saruji kukaza, hivyo kila shehena mpya ijaribiwe kwa ndoo moja kwanza. Tofali likibaki laini, ongeza saruji. Usikimbilie kuongeza chokaa: pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ikipanda mno, risasi iliyokwisha kutulia huyeyuka tena na kutoka na maji. Hili ndilo kosa linalofichika zaidi, kwa sababu tofali lenyewe huonekana gumu.

Funika tofali kwa magunia yaliyolowa siku 7, uache likomae hadi siku 28. Kisha tumbukiza kipande chake majini siku nzima. Kikimeguka, shehena hiyo isizikwe. Kisipomeguka, bado peleka kingine maabara wapime metali zinazovuja. Matofali yaliyofaulu huzikwa kwenye shimo lililosakafiwa kwa saruji na kufunikwa, kitako chake kikiwa angalau mita 2 juu ya maji ya ardhini, mita 50 au zaidi kutoka kisimani.